Sinthesaiza Mbili Zisizofanana

Mpiga kinanda mwenye sinthesaiza tano chumbani mara nyingi huzijua zote nusunusu. Katika kila moja anazo sauti chache anazozipenda, nyingi zikiwa zile zile zilizowekwa na kiwanda, na siku akizichoka wazo linalomjia ni kununua ya sita. Namwandikia huyo. Namwandikia pia kijana ambaye bado anadunduliza fedha ya kununua ya kwanza, maana swali lao ni moja: nikiambiwa nibaki na mbili tu, nizitunze miaka yote, nichague zipi?

Nakushauri ulijibu swali hili kwa uzito hata kama hakuna anayekulazimisha. Sinthesaiza ni ala ya muziki, na ala hudai miaka. Fundi wa udi hupiga udi mmoja hadi vidole vyake vinajua pale unapoitika vizuri na pale unaponyamaza, na hapo ndipo watu huanza kumtambua kabla hawajamwona. Sisi wa vinanda tunajinyima nafasi hiyo kwa kuhamahama. Kila mwaka kuna toleo jipya, na kila toleo jipya linatufanya wageni upya mbele ya ala yetu wenyewe.

Moja peke yake, hata hivyo, haitoshi. Hakuna njia moja ya kuunda sauti kwa umeme inayofika kila mahali, na ukishikilia moja kuna nusu nzima ya muziki itakayokupita. Tatu nazo zinaanza kugombania muda wako, na ile isiyoguswa wiki hii haiguswi mwezi huu. Kwa hiyo nasema mbili, na kanuni ninayoitetea ni hii: ya kwanza ichague kwa moyo wako, ya pili ichague kwa upungufu wa ya kwanza.

Wengi hufanya kinyume. Mtu anaipenda Roland Juno-106, na akipata fedha nyingine anaanza kutafuta Prophet-5. Zote ni ala nzuri mno. Lakini zinaunda sauti kwa njia ile ile, na mwenye hizo mbili ni sawa na mpishi aliyenunua masufuria mawili asinunue mwiko.

Tuitazame njia hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo ya zamani na ndiyo rahisi kuielewa kwa mkono. Osileta inatoa wimbi nene lililojaa kila aina ya ukali. Filta inachonga, inaondoa usichokitaka. Kisha kuna sehemu inayoamua sauti iingie vipi, ikae kiasi gani, itoke vipi. Minimoog ya 1970, kazi ya Bob Moog na wenzake, iliweka vitu hivi vyote ndani ya sanduku moja linalobebeka: osileta tatu, filta moja ambayo mpaka leo watu wanaiigiza, na noti moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1978 Dave Smith alitoa Prophet-5, iliyopiga noti tano kwa pamoja na kukumbuka sauti 40 ulizozitengeneza. Kabla ya hapo mara nyingi mpigaji alilazimika kuandika kwenye karatasi kila nobu ilikuwa imesimama wapi.

Juno-106 ilitoka mwaka 1984 ikiwa na noti sita, nafasi 128 za kuhifadhi sauti, na slaida zilizopangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio ule ule ambao sauti inapita. Kwa mtu anayejifunza, sijui mwalimu bora. Bonyeza kodi ya noti nne, shusha slaida ya filta polepole, nawe utasikia fidla zikigeuka kuwa moshi. Kisha bonyeza kitufe cha korasi. Osileta ni moja tu kwa kila noti, na bila korasi sauti ni nyembamba kidogo. Ukiiwasha inatanuka kushoto na kulia mpaka inajaza chumba, ikiwa na kauvumi kadogo ambako sitaki kukaondoa. Kila unachokifanya unakiona na kukisikia papo hapo.

Sasa iombe Juno hiyo ikupe kengele. Au ikupe ilimba ya Wagogo, ile aliyoisafirisha Hukwe Zawose hadi majukwaa ya mbali. Itakupa kitu kinachofanana kwa mbali tu, nawe utaamini tatizo ni mikono yako. Tatizo liko katika maumbile ya chuma. Ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili haufuati ngazi ya kawaida ya mara mbili, mara tatu, mara nne ya noti ya msingi. Mlio wake wa juu unaofuata huangukia mara 6 na kitu, mahali ambapo mawimbi ya osileta ya kawaida hayana chochote. Filta inachonga kilichopo. Haiwezi kuleta kisichokuwepo.

Kilicholeta jibu ni ugunduzi wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pale John Chowning alipotambua kwamba wimbi moja likitikisa jingine kwa kasi kubwa, huzaliwa milio mipya ambayo haikuwemo katika lolote kati ya hayo mawili. Njia hiyo ndiyo inayoitwa FM. Yamaha walinunua haki ya kuitumia, na mwaka 1983 wakatoa DX7: vibonyezo 61, noti 16 kwa pamoja, opareta sita, yaani mawimbi ya kutikisana, zinazoweza kupangwa kwa njia 32. Haina filta kabisa. Ina vitufe bapa visivyopendeza kidole na slaida moja ya kubadilishia kila kitu, na ndiyo maana wengi walibaki na sauti za kiwanda, hasa ile piano ya umeme iliyojaa katika nyimbo za mapenzi za miaka ya 1980.

Usiiogope. Zima opareta nne, uache mbili, moja ikisikika na nyingine ikiitikisa. Inayosikika iwekee uwiano wa 1.00, inayotikisa 6.24. Ile inayotikisa ifanye iingie kwa kishindo na kuzimika mara moja. Inayosikika iache izimike taratibu. Bonyeza. Huo hapo ulimi wa chuma. Bonyeza kwa nguvu zaidi, na kama umeipa opareta ya pili usikivu wa mkono, mlio unakuwa mkali zaidi, kama vile kidole gumba kimeuvuta ulimi kwa hasira. Sasa badilisha 6.24 iwe 14.00, punguza kiwango chake, na utasikia ule mnong'ono wa chuma unaokaa mwanzoni mwa kila noti ya ile piano maarufu. Ukizijua namba hizi mbili umeshapita nusu ya safari. Brian Eno alijulikana kwa kukaa na DX7 kwa muda mrefu kuliko wenzake, na alipata humo sauti ambazo waliokuwa wakibonyeza namba za kiwanda hawakuziota.

Zingatia pia jambo la mkono. Juno-106 haijui kama umebonyeza kwa upole au kwa nguvu. Noti zote inazipa uzito mmoja. DX7 inajua, na inajibu. Hata hapo zinakamilishana.

Na zikiungana ndipo utamu unapokuja. Mwaka 1983, katika maonyesho ya ala za muziki ya NAMM nchini Marekani, sinthesaiza za makampuni mawili hasimu, Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland, ziliunganishwa kwa waya wa MIDI na moja ikaipiga nyingine. Waya huo huo unafanya kazi mezani kwako. Chomeka DX7 kwenda Juno, iweke Juno kwenye chaneli ya 1 kwa kuwa DX7 ya mwanzo haitumi kwenye nyingine, kisha piga: kichwa cha noti ni chuma, mwili wake ni moshi. Sikio hutambua ala zaidi kwa sehemu ile ya kwanza ya mlio kuliko kwa kinachofuata. Roland walijenga D-50 ya mwaka 1987 juu ya ukweli huo, wakichukua vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa kwa ajili ya mwanzo na kuviunga na mkia ulioundwa kwa mawimbi. Wewe mwenye mbili zisizofanana unayo D-50 pana kuliko yao, na kila upande unaushika kwa mkono wake.

Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Ethiopia, aliwahi kurekodi mjini Washington katikati ya miaka ya 1980 akitumia kodiani, DX7, Moog na piano ya umeme. Isikilize kazi hiyo kwa makini. Moog inakaa chini, DX7 inang'aa juu, na hakuna inayomwibia mwenzake nafasi.

Hayo ni kwa anayerekodi nyumbani au kutunga muziki wake. Anayelisha watoto kwa kupiga kanisani Jumapili na harusini Jumamosi ana hesabu nyingine, na sitamwambia auze kinanda chake cha kazi. Kwaya inataka piano inayosikika kama piano, na ndoa inataka ngoma na besi zianze mara tu mkono wa kushoto unapogusa kodi. Hiyo ni kazi ya vinanda vyenye sauti zilizorekodiwa na midundo ndani yake: Yamaha PSR, Korg Pa na jamaa zao. Kama ndicho kinachokuletea fedha, basi kihesabu kuwa kimoja kati ya viwili, bila kuona haya. Ila kukihesabu kunakuja na wajibu. Cha pili sasa kisiwe tena cha sauti zilizorekodiwa. Nimekutana na wapigaji wengi wenye viwili vya aina hiyo, kimoja cha zamani na kimoja kipya, na vyote vinatoa piano ile ile, tofauti ikiwa ni mng'aro kidogo. Kiwe cha nobu na filta, chenye besi itakayotikisa viti.

Udhaifu wa vinanda vya sauti zilizorekodiwa ni wa tangu mwanzo. Korg M1 ya 1988 ilipendwa duniani kote, na piano na ogani zilizomo ndani yake zilibeba muziki wa dansi wa Ulaya na Marekani kwa miaka; lakini filta yake haina ule mlio wa kujikaza unaofanya sauti ilie. Kilichorekodiwa ndicho unachopata, ukikipunguza ukali au ukikiongeza. Matoleo ya leo yameboreka sana, na bado sauti inaanza kwa mtu mwingine aliyeipiga studio.

Na usidanganyike na jina. Roland Juno-DS ya mwaka 2015 ni kinanda kizuri cha kazi, na toleo lake la vibonyezo 61 linaweza hata kutumia betri za AA umeme ukikatika, lakini ndani yake ni sauti zilizorekodiwa. Haina undugu wowote na Juno-106 zaidi ya herufi nne.

Kwa wapigaji wa taarab kuna swali linalotangulia yote hayo: je, inakubali kutyuniwa upya noti kwa noti? Ukitaka kupiga makamu (ngazi ya noti) ya rast kuanzia do, mi na ti lazima zishuke kwa senti 50, yaani katikati kabisa ya vibonyezo viwili vinavyopakana. Juno-106 haiwezi. DX7 ya 1983 haiwezi. DX7II ya 1987 inaweza. Yamaha wana vinanda vya PSR-A vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, ambavyo ni chaguo la wazi kwa upande wa kazi. Na kwa upande wa nobu na filta ipo Korg Minilogue xd ya mwaka 2019, inayokuruhusu kujiwekea ngazi yako mwenyewe. Hizo mbili zikikaa pamoja, mpiga taarab hana sababu ya kutafuta ya tatu.

Chaguo langu mimi ni Juno-106 na DX7, na nimeshaeleza kwa nini. Sikushauri uyaige majina hayo. Ni ala zilizopita miaka 40, na kuzitunza ni kazi. Anayetaka kipya chenye njia zile zile mbili anaweza kuchukua Minilogue xd, yenye noti nne za osileta za umeme halisi, pamoja na Yamaha Reface DX ya 2015, yenye opareta nne badala ya sita, spika zake yenyewe, na uwezo wa kutumia betri sita za AA. Vibonyezo vyake 37 ni vidogo, na mwenye vidole vinene atalalamika wiki ya kwanza. Lakini inabadilishwa kwa kugusa sehemu nne za mbele kwa wakati mmoja, na kwa kujifunza FM naiona nyepesi kuliko DX7 yenyewe.

Ukinunua iliyotumika, geuza nyuma kabla hujaiwasha, usome kibandiko cha umeme. Kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100, cha Marekani 120. Tanzania tuna 230, Kenya 240. Ukikichomeka moja kwa moja ukutani, utasikia harufu kabla hujasikia noti. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe ya ukubwa unaotosha, si ile ndogo ya kuchajia mashine ya kunyolea. Kwa zile zinazotumia adapta, namba ya volti peke yake haitoshi: tazama kile kimchoro cha duara chenye alama za kujumlisha na kutoa, kwa sababu kuna makampuni yanayoweka chanya katikati na mengine hasi, na plagi zinaingiliana bila shida yoyote. Adapta za ala zako mbili zifunge utepe wa rangi tofauti.

Halafu zijaribu sauti. Katika Juno-106 kila noti kati ya sita ina chipu yake, na chipu hizo zilifunikwa kwa gundi ambayo kwa miaka inaziharibu. Shikilia noti sita kwa pamoja usikilize kama zote zipo. Kisha piga vibonyezo tofauti kimoja baada ya kingine, taratibu, bila kubadili chochote. Kama kila baada ya noti kadhaa moja inatoka hafifu, inakwaruza au haitoki, umeikuta chipu iliyokufa, na bei lazima ishuke kwa gharama ya kuibadilisha. Kila kibonyezo kiguse kwa upole na kwa nguvu. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani na vumbi la kiangazi, na vinanda vingi vina raba zenye kaboni chini ya vibonyezo ambazo zikishika uchafu noti huanza kuruka. Hilo ni la kusafisha kwa spiriti safi na pamba, halipaswi kukukimbiza. Slaida iliyovunjika na kibonyezo kilichokatika ndivyo vinavyosumbua, kwa kuwa vipuri lazima vitoke mbali. Muulize fundi wako kabla ya kulipa, si baada.

Kuna betri pia. DX7 na Juno-106 zote zina betri ndogo ya duara ndani, iliyolehemiwa kwenye bodi, inayolinda kumbukumbu wakati ala imezimwa. Ikifa, sauti zako zote zinaondoka nayo. Mwambie fundi aweke kishikilio ili safari nyingine uibadilishe mwenyewe, na kabla hajaigusa hamisha sauti zako. Sauti zote 32 za DX7 zinatoka kwa waya wa MIDI zikiwa baiti 4,104 tu, ndogo kuliko picha yoyote kwenye simu yako. Juno-106 inazitoa kupitia tundu la kaseti kama mlio wa kukwaruza. Urekodi kwenye kompyuta bila kuubana, utaurudisha siku ukiuhitaji.

Ukishazileta mbili zako nyumbani, futa. Namaanisha sauti za kiwanda, baada ya kuzihifadhi pembeni. Anza na nafasi tupu, na usiandike sauti mpya mpaka umeitumia katika wimbo au ibada au onyesho. Hata nafasi 32 za DX7 zitajaa polepole kuliko unavyodhani. Zipe majina ya mahali ulipozitumia, kwa sababu jina la aina ya "Besi 4" halitakukumbusha kitu mwakani. Na siku utakapotamani ya tatu, jiandikie kwanza kwenye karatasi sauti kamili unayoitaka, uitafute katika mbili ulizonazo kwa jioni chache mfululizo, moja moja, kisha zikiwa zimeungwa.

Zile unazoziaga uziuze zikiwa na adapta zake, kitabu chake na sauti ulizozitunga, kwa mtu atakayezipiga. Fedha inayopatikana inunue spika mbili nzuri, kabla ya kitu kingine chochote. Nimewasikia wapigaji wakiilaumu Juno kwamba haina besi, na besi ilikuwepo muda wote. Spika zao za kompyuta ndizo zilizokuwa hazishuki hadi huko.